Deraya Aliyoichukua Mtani

Jumatano, Handeni

Bado naiona ile deraya ya chuma mwilini mwa Shija.

Wiki nzima alikuwa ananipigia kutoka Korogwe kunishauri. Kwenye gemu letu la simu mimi ndiye ninayepigana mbele kwa panga, yeye anarusha mishale kutoka nyuma. Akasema, "Mtani, chuma kitakuchelewesha. Vaa ya ngozi uwe mwepesi. Hiyo ya chuma iache kwenye ghala la kikundi." Nikamwamini, nikaiacha humo, ambamo yeyote wa kikundi chetu anaweza kuchukua kitu.

Leo tumeingia pangoni kwa yule joka. Pigo la kwanza tu, nimekufa. Nikabaki natazama simu, na kule nyuma kabisa, ambako hata moto haufiki, Shija amesimama ndani ya chuma changu.

Nimemuuliza. Akacheka. "Wewe Mzigua, mimi Mnyamwezi. Mtani unamkasirikiaje?"

Utani naujua. Babu yake, aliyekuja huku kukata mkonge, alimkamata jogoo wa babu yangu mchana kweupe, watu wanaona, akamchinja uani kwetu na wakala wote. Hakuanza kwa kumwambia kwamba jogoo ni mgonjwa, heri amwachie yeye.

Hilo ndilo linaloniuma. Si kuchukua. Ni ule ushauri, na ile sauti yake ya upole wakati...

Amepiga tena sasa hivi. "Vipi mtani, umenuna?"

Nimemjibu, "Hapana, Shija."

Miaka yote hii sijawahi kumwita kwa jina lake.