Dubwana la Costel Labarikiwa Tena

Ilinca, shoga, pokea simu! Hupokei? Basi soma. Nimeaibika, sijui nijifiche wapi.

Lile dubwana langu la kupandia milima, nililouziwa na Costel, jirani wa shangazi. "Lilikuwa la babu mmoja Mjerumani, alikuwa anaendea kanisani tu." Wewe ulicheka. Haya, cheka tena.

Jana rejeta imechemsha njiani. Fundi kafungua boneti, akaguna. Gasketi imeungua, shokapu zimekufa, oili inavuja kila kona. Matengenezo tu yanakaribia bei niliyonunulia!

Mama akasema shida si gasketi, shida ni kwamba gari halijabarikiwa. Leo kamwita Padri Gherasim. Na keki kaoka! Ghorofa zima limeshuka kutazama.

Padri kaja na maji yake ya baraka na kitawi cha rihani. Kalizunguka gari. Kasimama. Kachungulia ndani, akakiona kile kijipicha cha mtakatifu kwenye dashibodi.

"Mwanangu, hiki nilikibandika mimi. Gari hili nimeshalibariki mara mbili."

MARA MBILI, Ilinca! Mama kaganda na keki mkononi.

Nikamuuliza, "Sasa mbona bovu hivi, Baba?"

"Mara ya kwanza Costel aliniomba niliombee liache kuchemsha. Hapo Mungu alikaa kimya." Kisha akaninyunyizia maji mimi, si gari. "Mara ya pili, mwezi jana, aliniomba nimwombee apate mnunuzi."

Shoga, muujiza wa Costel ni mimi.