Wanafunzi wa Maisa na Mwaliko wa Turki

Jumatatu, 9 Januari 2023

Leo mwanangu kaingia darasani. Si kukaa — kusomesha! Chuo kikuu! Wanafunzi wa uhandisi, watu wazima na ndevu zao, wanamwita Ticha. Na huyo Ticha ni Maisa, niliyemzaa miye Thuraiya, niliyeishia fomu tuu, kidato cha pili, hapa hapa Gombani, Pemba. Mashallah.

Kavaa baibui jipya na mtandio niliopiga pasi mara mbili. Nimemsomea dua mlangoni. Baba yake, Sameer, kasema nimwache mtoto apumue. Wakati yeye mwenyewe kaosha gari tangu alfajiri ili ampeleke!

Anasomesha kutengeneza tovuti. Zile kurasa za kwenye simu na kompyuta. Jana usoni kaniona sielewi, akanitolea mfano wa biharusi. Kwanza mwili wenyewe: kichwa, mikono, miguu. Hiyo lugha ya kwanza ya kompyuta. Halafu nguo, hina, dhahabu. Lugha ya pili. Halafu biharusi anainuka, anatembea, anaitikia salamu. Hiyo ya tatu, ndiyo ngumu. Nikafahamu hapo hapo! Mfano mzuri, na kautoa kwangu, maana mpambaji wa maharusi mtaa huu ni nani?

Sokoni Chake nimewaambia watu watatu tu. Na muuza ndimu.

Alhamisi, 12 Januari 2023

Maisa karudi. Chai hakuimaliza. Nikamkalia mpaka akasema.

Kuna kijana mmoja, Bakar, mtu wa Kojani, anasomea madaraja. Kasimama mbele ya wenzake: Ticha, siye tunajenga vitu vinavyobeba uzito. Ukurasa wa mtandao unabeba nini? Darasa zima likacheka. Maisa naye kacheka, akaendelea kuandika ubaoni. Lakini yamemkaa.

Halafu likatoka lile kubwa. Mkataba wake ni wa muhula huu tu. Mkuu wa idara, Dakta Silima, anayekaa Unguja, kaagiza wanafunzi watengeneze kitu cha kweli kitakachotumiwa na watu wa kweli. Atakuja kukikagua mwenyewe. Kikimridhisha, Maisa ataajiriwa moja kwa moja. Kisipomridhisha, somo apewe mwengine. Na mwanangu atakwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, nibaki nikimuona kwenye simu.

Haendi Dar. Nimeshasema.

Jumamosi, 28 Januari 2023

Posa ya mwanangu Turki imejibiwa! Binti ni Ruweida, wa Pujini, watu wazuri, wakulima, hawana makuu. Harusi Jumapili tarehe 12 Machi, kabla ya Ramadhani.

Na hapo akili ikanijia. Wanafunzi wanatafuta kazi ya kweli? Kuna kweli kuliko harusi? Nikamwambia Maisa: tengenezeni mwaliko wa ndugu yako. Kanibusu paji la uso! Anasema, Mama, ungesoma weye ungekuwa profesa. Nnajua.

Jioni wakaja wenyewe, Bakar na wenzake. Nikawapa mkate wa kumimina na mchuzi wa kuku. Huyo Bakar ana maneno, lakini kala vizuri na kuosha sahani kaosha. Nimeanza kumsamehe.

Nikatoka kumwambia jirani yangu, Bi Mwanakhamis. Yeye ndiye mwalikaji wetu. Harusi zote za hapa, yeye ndiye anayejitanda kanga mpya akapita nyumba kwa nyumba, akakaa, akanywa maji, akasema: nimetumwa na fulani, mnaalikwa. Nikamwambia, shoga, safari hii upumzishe magoti yako. Wanafunzi wa Maisa watakualikia.

Kasema: Ehe. Kompyuta siku hizi ina miguu?

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 15 Februari 2023

Ukurasa tayari. Uzuri wake! Rangi ya zari na nyekundu, jina la Turki na la Ruweida, ramani ya kufika kwetu, na kitufe chini: NITAKUJA. Ukikibonyeza, jina lako linaingia.

Maneno nimeyatunga miye. "Nyote mnaalikwa, nyumba yenu, karibuni na watu wenu."

Lakini kulikuwa na kitu sikukipenda. Ukifungua, kwanza unaulizwa neno la siri. Kama hulijui, huingii. Nikamuuliza Bakar, hii nini? Kasema, Ticha katwambia tuweke, ili waingie walioalikwa tu. Astaghfirullah! Mgeni aulizwe neno la siri mlangoni kwangu, kama benki? Sijapata kusikia aibu kama hii. Nikamwambia aling'oe. Kasita kidogo: lakini Ticha… Nikamwambia, Ticha nani kamzaa?

Kaling'oa.

Ijumaa, 24 Februari 2023

Baada ya sala ya Ijumaa Turki kautuma ukurasa kwa marafiki zake. Miye nikautuma kwenye grupu la akina mama wa mtaa. Sameer kwa jamaa zake wa Maskati.

Simu haijanyamaza tangu hapo! Wanabonyeza Wete, wanabonyeza Mkoani. Kojani kisiwa kizima nadhani, maana Bakar kautuma kwao. Kuna mtu wa Mombasa kaandika, sina undugu nanyi lakini nimependa rangi, nitakuja. Na kilichonitoa machozi: nimeona majina ya watu ambao miaka ile ya ugomvi wa vyama vya siasa hata maziko walikuwa hawazikani. Leo wote kwenye ukurasa mmoja, NITAKUJA, NITAKUJA, mmoja chini ya mwenzake.

Nani kawakusanya? Wanafunzi wa mwanangu!

Maisa bado hajatoka chuoni. Akirudi nimuoneshe.

Jumamosi, 25 Februari 2023

Karudi jana magharibi, kaangalia ile hesabu ya waliobonyeza, kakaa chini hivi hivi na baibui lake.

Mama, nani katoa neno la siri?

Nikamwambia. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Kasema tu, Mama, hao watu wote wanakuja kweli. Nikasema si ndiyo furaha? Kasema, Mama — na mchele?

Mchele sikuufikiria.

Leo asubuhi mabaya zaidi. Ukurasa umeanguka. Ukibonyeza, weupe mtupu. Watu wengi mno wanaingia pamoja, mashine inayoubeba imeshindwa. Na kumbe Dakta Silima naye kaletewa huko Unguja, kafungua akaona weupe! Kapiga simu hapo hapo. Maisa kaweka spika ili baba yake asikie. Huyo Dakta ana sauti ya pole pole, ndiyo inayotisha. Kasema: Mwalimu, ukurasa usiobeba wageni wa harusi moja utawafunza nini wahandisi? Basi mtihani wenu ni siku hiyo hiyo. Tarehe kumi na mbili nakuja kuangalia.

Maisa kajibu, karibu sana Dakta.

Sauti haikumtetemeka.

Jumatatu, 27 Februari 2023

Leo nimekwenda kwa Mzee Fahd, kaka mkubwa wa mume wangu. Ami yake Turki, ndiye wa kukaa mbele siku ya ndoa. Nimempelekea halua. Nikamuuliza, umejitayarisha na harusi?

Harusi gani?

Ya Turki, ami yake!

Kasema hajaalikwa. Nikamwambia Mzee, si mwanao kakuonesha kwenye simu? Kasema, iliyoalikwa ni simu ya mwanangu. Basi iende simu.

Na halua kaipokea!

Nikapita kwa mashangazi wawili. Maneno hayo hayo. Hakuja mtu mlangoni, hawajaalikwa. Mtu wa Mombasa anakuja, ami hajui kama kuna harusi! Wageni tele nisiowajua, na wenyewe hasa watakaa majumbani mwao wamenuna. Njia nzima nimezungumza peke yangu.

Alhamisi, 2 Machi 2023

Siku ya kuandika hii!

Kwanza. Maisa kalichukua darasa zima, si kundi la Bakar peke yake, kawaleta hapa nyumbani. Katundika shuka nyeupe ukutani, kaunganisha kompyuta yake. Kawaambia: mliniuliza ukurasa unabeba nini. Huu ulibeba harusi ukavunjika. Tuambieni, nyinyi wa madaraja, uzito ukizidi mnafanya nini?

Miye nimo jikoni, sikio mlangoni.

Bakar ndiye aliyeinua mkono. Kasema, magari hayapandi yote pamoja. Yanapita kwa zamu.

Maisa kacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kasema, haya, gaweni.

Nikashindwa kujizuia, nikatoka na mwiko mkononi. Nikawaambia kwani harusini watu hula wote mara moja? Wanakaa kwenye masinia wa mwanzo, wakiinuka wanakaa wengine. Wakapiga makofi! Nimesomesha chuo kikuu, mwiko mkononi.

Basi wamefanya hivyo. Kila aliyebonyeza anaulizwa sasa achague zamu: baada ya adhuhuri, au baada ya alasiri, au baada ya magharibi. Zamu ikijaa inajifunga yenyewe. Zile picha kubwa nilizozipenda wamezifinya ziwe nyepesi, na ukurasa wameuhamishia kwenye mashine yenye nguvu. Halafu wakakaa wote ishirini na kitu kwa simu zao wakawa wanaupiga ukurasa kwa pamoja, makusudi, uanguke. Haukuanguka! Bakar kaupiga mpaka jasho. Kasema, Ticha, huu nanga, hausogei.

Na mchele? Watu wa Pujini, kwao biharusi, wamesikia, wakasema wataleta magunia na ndizi. Na Kojani samaki. Sikuomba. Nimelia kidogo.

Pili. Nimekwenda kwa Bi Mwanakhamis. Yuko uani anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikakaa chini kabisa, nikamwambia shoga, nimekuja kukutuma.

Hakuinua uso. Kasema: Kuna kitufe. Nibonyeze uone kama nitainuka.

Nikasema shoga, mashangazi wamenuna, Mzee Fahd kanuna.

Na miye je?

Na weye, nikasema. Nisamehe. Nilidhani nakupumzisha.

Kasema, hapana mtu anayempumzisha mtu kwa kumtoa harusini. Kachambua mchicha wote, shina moja moja. Halafu: Kanga gani unanipa?

Mpya doti mbili! Kesho tunatoka. Na kasema tunatoka pamoja, nikayaone hayo magoti yake yanavyopita.

Alhamisi, 9 Machi 2023

Miguu! Sina miguu. Nyumba kwa nyumba tangu Ijumaa. Kila nyumba Bi Mwanakhamis anasema maneno yake, kisha ananionesha kwa kidole: na mama mtu mwenyewe huyu, kaja kwa miguu yake. Wanacheka mpaka machozi. Mzee Fahd kainuka, kajifunga kilemba pale pale kama harusi ni leo. Anakuja.

Bi Mwanakhamis, kila tukitoka, ananiuliza: Zamu yao gani? Naye kapenda!

Maisa halali vizuri. Dakta Silima kathibitisha anakuja, kabonyeza mwenyewe.

Jumapili, 12 Machi 2023

Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia. Ndoa imefungwa! Turki ana mke. Mzee Fahd alikaa mbele kama sultani. Alhamdulillahi.

Watu hawana idadi, lakini hakuna msukumano! Zamu ya adhuhuri wanakula sasa chini ya turubai. Bakar kasimama kwenye geti na simu yake. Mtu akifika anaangalia jina, huyu anaingia, huyu anakaa kwenye mikeka ya kivulini, anapewa kahawa, anasubiri zamu yake. Mpaka ndugu zake mwenyewe wa Kojani kawakalisha. Wanamtania: umekuwa mkoloni weye!

Sasa hivi gari imesimama. Mtu mfupi, koti, miwani. Ndiye. Dakta Silima!

Bakar kaangalia simu. Namsikia kutoka hapa dirisha la jikoni: Dakta, karibu sana, lakini weye ni baada ya alasiri.

Ya Rabbi! Mtu aliyeshika kazi ya mwanangu anazuiwa getini kwangu! Nimepakua sahani upesi, pilau na nyama ya juu, na achari. Natoka nayo.

Maisa kanidaka mlangoni. Mama, usithubutu.

Mgeni anasimama juani!

Mama. Muache.

Dakta katoa simu yake. Anabonyeza. Anataka kujiingiza zamu hii, namuona. Anabonyeza tena, zamu imejaa, haimfungukii. Anageuza simu, anaitazama kwa juu ya miwani. Anabonyeza kwa mara nyengine, pole pole, kama mtu anayejaribu kufuli. Bakar hajasogea. Mikono nyuma.

Dakta kasema kitu. Sikusikia. Bakar kajibu na kuonesha mikeka.

Kavua viatu! Dakta kavua viatu, kakaa mkekani baina ya watu wa Kojani. Kapewa kahawa. Kamwita Bakar, kamwambia aketi pale mbele yake, na Bakar anaeleza, mikono inapanda inashuka, anachora kitu kwenye mchanga kwa kijiti, kama daraja hivi. Dakta anauliza. Bakar anafuta, anachora tena.

Sasa Dakta kainua kichwa, anatafuta mtu kwa macho. Kamuona Maisa hapa mlangoni. Anamwita kwa mkono.

Mwanangu kajifunga vizuri mtandio wake, huyoo anakwenda. Hakugeuka nyuma.

Kafika. Dakta kacheka, kamsogezea nafasi kwenye mkeka, kama mtu aliyeridhika.

Na miye nimesimama na sahani, pilau linapoa, Bi Mwanakhamis kanishika kanga kwa nyuma nisitoke.