Chuma Hakijui Kunywa

Vancouver, Kanada

Mdogo wangu Sebastiani,

Marahaba. Salamu zako na za watoto zimenifikia. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Keza, mvua ikiwa ya kiasi na migomba imesimama. Mama anaendeleaje na macho? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi. Sisi huku ni wazima, ila goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Nimeona niandike, kwa kuwa kwenye simu unaniambia "sawa kaka" kabla sijafika katikati ya sentensi. Msomee na fundi Anatoli, maana mwenye spana ni yeye.

Picha za nyumba nimezitazama sana. Nguzo na mihimili ya chuma iliyochomelewa Biharamulo imesimama vizuri, na ngazi imenyooka. Kilichoninyima raha ni mbao. Mmekata misindano aliyopanda Baba pale mteremkoni, mkaipasua mvua ikinyesha, na sasa Anatoli anataka kuzibana mbao hizo mbichi kwenye mihimili kwa bolti ili sakafu ya juu ikamilike. Nilipokuomba usubiri mpaka kiangazi kipite, ulinijibu neno ambalo bado linaniuma: "Kaka, mbao zitakaukia hukohuko juu. Macho ya Mama hayasubiri."

Ni kweli. Ghorofa hiyo unaijenga kwa sababu Mama anataka kukiona tena kilima alikozaliwa, upande wa Burundi, ambacho kutoka uani kwetu kinazibwa na mgongo wa kilima cha jirani. Tena wewe ndiye unayemshika mkono kwenda kanisani, si mimi. Kwa hiyo siandiki kukukataza. Naandika tufikiri pamoja.

Nikueleze kwanza ninachofanya huku. Tunajenga jengo refu ambalo mifupa yake ni chuma na sakafu zake ni mbao nene, zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Watu wanajaribu kupunguza zege, kwa sababu kutengeneza saruji kunachafua hewa mno, na jengo zito linadai msingi mzito. Mti ukiwa hai huivuta ile hewa chafu na kuihifadhi mwilini. Ukigeuzwa sakafu bado umeishikilia, mradi umepanda mwingine mahali pake. Chuma nacho kina nguvu nyingi katika unene mdogo, na siku jengo likichoka, bolti zinafunguliwa kikatumike kwingine. Hata kwenye moto vinasaidiana. Ubao mnene huungua juujuu, ukajifunika makaa yake wenyewe, ndani ukabaki mzima kwa muda mrefu. Chuma kikipata joto kali hulegea. Kwa hiyo sehemu nyingine chuma tunakivika mbao. Nilipomsimulia Mama alicheka, akasema, "Basi huko kuni ndizo zinazoilinda sufuria."

Mimi nakagua viungio, pale mbao zinapokutana na chuma. Hivi karibuni turubai lilipasuka na mvua ikalowesha sakafu mpya. Msimamizi wetu, mama mmoja aitwaye Ingrid, alitaka tukaze bolti tuendelee, maana kreni ilikuwa inasubiri. Nikapima unyevu, nikamwambia hapana, tusubiri. Mafundi wakaanza kuniita Babu Unyevu, na jina limeganda. Ingrid akaniuliza hofu hiyo niliipata chuo gani. Nikamwambia niliipata kwenye chombo cha pombe.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, kwa hiyo huukumbuki umuvure mpya wa Baba, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi. Ulichongwa kwenye gogo bichi, na desturi yetu ni kuufunika majani makavu ya migomba kivulini, ukauke taratibu. Lakini harusi ya shangazi ilikuwa imekaribia. Baba mdogo akaona aupigilie ukanda wa chuma kichwani ili usipasuke, kisha akauanika juani. Ukakauka, na ulivyokauka ukataka kusinyaa, chuma kikakataa. Ulipasuka pembeni kabisa ya misumari. Siku ya kukamua, ardhi ndiyo iliyokunywa, na wageni wa harusi wakapewa chai. Baba hakumgombeza mdogo wake. Alisema tu, "Chuma hakijui kunywa wala hakijui kiu. Mti unajua vyote viwili."

Mbao zako zitafanya vivyo hivyo. Zitasinyaa zikiwa zimebanwa, zipasuke kwenye mstari wa bolti, na watakaokuwa wanakimbia juu yake ni watoto wako.

Lakini Mama asisubiri. Jibu nimelipata kazini, nikiwa nimesimama juu angani mahali ambapo sakafu haijawekwa. Sisi huku hutembea juu ya mihimili ya chuma kwa mbao za muda. Chuma chako kiko tayari leo. Ni mbao tu zinazodai nafasi. Zile mbao nene za ghala la kahawa la Baba zimekauka tangu tukiwa wadogo. Zing'oe, zilaze juu ya mihimili upande unaotazama Burundi, zifungwe kwa kamba imara, na Anatoli achomelee kizuizi cha kushika pembezoni. Weka kiti kimoja. Apande asubuhi ukungu ukishaondoka, wewe ukiwa mbele yake na Anatoli nyuma.

Mbao mbichi zipange kivulini, vijiti katikati ya kila tabaka na mawe juu. Kiangazi kikiisha, Anatoli atoboe matundu ya bolti kwenye chuma yawe marefu kidogo, mfano wa punje ya maharage, ili ubao upate pa kujongea. Na pale mteremkoni pandeni misindano mingine.

Msalimie shemeji, mkeo, na shangazi, ambaye naona ameshausamehe ule umuvure. Katekista wetu mwambie miwani aliyoniagiza nimeipata.

Mama akishakaa kwenye kiti hicho, usimwonyeshe kilima kwa kidole. Mwache akitafute mwenyewe. Halafu niandikie alichosema, kwa Kihangaza chake, bila kukinyoosha.

Kaka yako,
Yohana