Nilichomtafsiria Mzee Burito

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Leo wodini, hapa Musoma, Dk. Gasper amemweleza Mzee Burito ukweli – saratani ya ini, hakuna tiba, zimebaki wiki chache. Kasema vizuri, polepole, kamshika mkono. Ila mzee Kiswahili hakimwingii, na zamu hii Kizanaki ninacho mimi tu. Nikatafsiri: dawa za hospitali umemaliza, unarudi kijijini kwako Buswahili upumzike upate nguvu. Mzee akatabasamu! Daktari akanisifu, eti mzee kapokea vizuri. Nilivyolelewa, kumtamkia mtu kifo chake usoni ni kama kumlaani. Lakini mimi ni nesi, jamani!

Jumatano, 11 Septemba
Semina Bunda – namna ya kuzungumza na mgonjwa asiyepona. Igizo: mimi nesi, mwenzangu mgonjwa. Nikasema yote bila kumung'unya maneno. Wakanipigia makofi.

Ijumaa, 20 Septemba
Boke, binti wa mzee, kanipigia kutoka Mwanza. Miaka sita hawajaonana, tangu agombane na baba kwa ajili ya mwanaume aliyemchagua. Sasa baba kasamehe! Kamwambia aje Krismasi na mtoto, atamkuta amepona. Akaniuliza: sista, nije sasa au nisubiri? Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata simu. Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 23 Septemba
Buswahili, saa tano asubuhi. Tumemfuata mzee nyumbani, daktari na mimi. Kaisha mwili. Macho ya njano, tumbo limejaa. Mkewe, Mama Boke, akaniambia kwa Kizanaki, "Sista, hata uji hauingiagi tena." Daktari akanigeukia: mwambie, kama kuna mtu anataka kumwona, amwite wiki hii. Mzee naye akanitazama. Akauliza: daktari anasemaje?

Nikasema ngoja nilete morfini ya kutuliza maumivu.

Niko kwenye gari. Nikimwambia, atajua nilimdanganya, na wiki mbili zile simrudishii. Nisipomwambia, Boke atakuja kuzika. Nimesomea haya, cheti ninacho! Chupa iko mapajani. Dirisha la chumba liko wazi, namsikia mzee anamwagiza mkewe – yule mbuzi beberu mweupe asiguswe, ni wa Boke, wa Krismasi. Mama Boke anaitikia.

Daktari ananiita mara ya pili.