Kiungulia Wiki ya Fainali

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata! Nimepata! Baragumu, mkuu wetu wa michezo, kaniita mbele ya chumba kizima cha habari. Fainali ya kombe tunatangaza wawili — yeye kipindi cha kwanza, mimi cha pili! Miaka yote hii hapa redioni kazi yangu kusoma matokeo tu, kama mgeni kwenye harusi za wenzangu. Nikaruka. Na mimba ya miezi saba, naruka! Mhariri akaniomba taratibu, dada, usije ukatuzalia mezani.

Nikarudi nyumbani, nikala sahani mbili za wali kwa furaha, nikajitupa kitandani. Balaa! Moto kutoka chembe cha moyo hadi kooni. Kiungulia tumezoeana, lakini cha leo kimekuja na jiko lake.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe ndiye anayefurahi kuliko wote. Nikibeua tu, anapiga kigelegele. Eti kiungulia ni nywele za mtoto. Nikamwambia basi huyu, mama, atazaliwa kasukwa kabisa! Kacheka mpaka kakaa chini.

Kisha kaniletea mchuzi. Pilipili tele, nipate nguvu ya kutangaza. Nimekula. Nitaanzia wapi kukataa chakula cha mama wa mume? Usiku nimelala nimekaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Aibu, aibu! Tulikuwa studio ndogo na Baragumu, tunafanya mazoezi na mechi ya zamani kwenye runinga. Mshambuliaji kaachia shuti, nikavuta pumzi — Gooo — na uchachu ukapanda hadi puani. Sauti ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Baragumu kavua hedifoni. "Hilo goli, dada, limepaa juu ya mwamba."

Tukacheka. Kisha yeye akaacha kucheka. Afya kwanza, kasema. Nikimwambia atafute mwingine, hakuna atakayenilaumu. Mwingine! Au kwanza nijaribu magadi kwenye maji, kasema, bibi yake alikuwa akinywa.

Nimekoroga, nimekunywa. Nafuu kidogo, halafu tumbo likajaa gesi, nikawa mimi ndiye mpira. Sirudii.

Jumatatu, 11 Agosti

Kliniki. Mkunga kanipima presha kwanza. Kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Maumivu makali chini ya mbavu? Hapana, hapana, hapana. Kasema siku yoyote nikiona hayo nisiseme ni kiungulia tu — nije mbio. Nikaogopa kidogo. Lakini presha safi!

Kuhusu magadi kanitolea macho. Yana chumvi nyingi, niyaache. Kumbe mwili ukibeba mimba, kilango cha juu ya tumbo la chakula kinalegea, na mtoto naye anasukuma kutoka chini. Kwa hiyo: nile kidogo kidogo, mara nyingi. Pilipili, mafuta mengi na kahawa, kwaheri. Nikishakula nisilale mpaka chakula kishuke. Nguo zisinibane. Na kaniandikia vidonge vya kutafuna, ila nisivile pamoja na vya kuongeza damu.

Mkononi anavyo, hanipi. Anataka kujua niko upande gani Jumamosi. Mtangazaji hana upande, nikamjibu.

"Basi na mimi sina dawa!"

Shabiki huyo, mpaka kucha! Kacheka, kanikabidhi.

Jumatano, 13 Agosti

Mume wangu kainua kitanda upande wa kichwa kwa vipande vya mbao. Kajisifu kama kajenga daraja. Asubuhi tumeamka wote wawili tumerundikana miguuni kama magunia! Lakini koo — kavu, safi, halina moto!

Leo ndiyo nimemwambia mama mkwe kuhusu pilipili. Kafunika sufuria. Kisha: "Mbona hukusema, mwanangu? Mimi mimba ya huyu mumeo niliungua mpaka nikalia. Mama mkwe wangu akipika pilipili, nami nikila." Akanishika shavu. Jioni viazi vya kuchemsha, vitupu kabisa. Nimekula vichache nikasimama. Nusu saa nzima nazunguka sebuleni natangaza mechi ya kubuni, yeye kwenye kiti anazomea refa!

Jumamosi, 16 Agosti

Uwanjani! Watu mpaka kwenye paa! Fulana ya kituo ilinibana, nimevaa shati la mume. Ndizi moja asubuhi, mkate kidogo saa sita.

Naandika tangazo la biashara likiendelea. Kipindi changu nilikishika tukiwa nyuma bao moja — nasema tukiwa, mkunga asisikie! Dakika za mwisho krosi, kichwa, wavu. GOOOO ikatoka nzima! Ndefu! Baragumu kapiga meza mpaka chai yake ikamwagika.

Sasa penalti. Hizo ni zake, tulikubaliana hivyo. Lakini kavua hedifoni, kasukuma maikrofoni kwangu. Anasema sauti imebaki kwangu, yeye ataanguka na presha.

Kinachoma. Kimeanza tena, hapa hapa kwenye chembe. Nimetafuna kidonge, kina ladha ya chaki. Mtoto anapiga mateke kama naye yuko kwenye orodha ya wapigaji. Mpira umewekwa chini. Uwanja mzima kimya. Fundi mitambo kainua mkono, vidole vitatu, viwili —

Navuta pumzi.