Nilikwambia Sijui

Dada Mishi,

Mwaka wa pili huu umelala hapo makaburini Bofu, na bado nakuonea wivu. Wallahi, hata matanga yako niliyaonea wivu. Wanafunzi wako walijaa uani wakilia, nami nikajiuliza ni nani atakayenililia mimi hivyo. Mama naye akiniita huanza na jina lako.

Unakumbuka Bakari alipoleta posa, kwangu mimi kwanza? Nikaomba wiki. Ikaisha, nikaomba nyingine. Ukanijia jikoni nikikuna nazi, ukaniuliza, "Unamtaka? Sema." Nikakwambia sijui. Mwaka haukwisha, posa ikaja kwako, nawe ukakubali siku hiyo hiyo.

Siku ya hina, mikono haijakukauka, ukanifundisha neno, mwalimu wa Kiingereza wee! Ukasema Waingereza wa zamani walimcheka mtu anayejiuliza "Shall I? Shall I?", nifanye, nisifanye, kutwa kucha. Wakalipinda swali lake kidogo lipendeze mdomoni, likawa shilly-shally. "Ndiyo wewe huyo," ukacheka. Nami nikacheka, huku moyo ukiniwaka. Ukamfundisha na Bakari. Kila Idi akawa ananiita hivyo mbele za watu.

Sasa sikiliza. Ijumaa shangazi yake Bakari alikuja kuniposa tena. Eti Bakari yuko peke yake, watoto wamenizoea, na wanatafuta wa kufanana na marehemu. Unaona? Hata posa yangu ni yako! Kisha akamwambia Mama, "Akinyamaza tutajua ameridhia." Ndiyo desturi yetu, mwari kimya chake ni kukubali. Na mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu. Nikaona nikikawia kidogo tu nimeshaolewa, nalala kitandani kwako, napimwa kwa kipimo chako mpaka nife.

Nikasema, "Sitaki."

"Hata hufikiri, mwanangu?" Mama akaniuliza.

"Nimefikiri miaka tisa."

Mama hajanisemesha tangu siku hiyo.

Watoto nitawachukua kila Jumamosi, hilo nakuahidi. Wanao wakikua nitawaambia lile neno lilikotoka. Lakini kumwita mtu kwalo, sitamwita, wala sitawaruhusu wao.

Basi lala, dada yangu, Mungu akupe nuru humo ulimo. Na lile swali lako la jikoni nalijibu leo. Nilimtaka.