Treni ya Baba Mkwe Imekosa Umeme

Gungu, Kigoma
Jumapili, mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti lako limepunguza ukorofi, na ile mvua uliyonilalamikia imeacha kukuangushia machungwa. Huku kwetu wifi yangu Asha hajambo wa kweli, Baba mkwe hajambo wa kusema tu hajambo, na mimi mwanao ni mzima wa mwili. Roho tuiache kwanza.

Usishangae kuletewa barua kama enzi za bibi. Kwenye simu unanifokea, "Sema kwa sauti, Zaina, sikusikii," na mimi siwezi kusema kwa sauti katika nyumba hii. Baba mkwe macho yake yamekwisha, lakini masikio yake yanasikia sufuria ikifunikwa kwa jirani. Uliniuliza swali moja, nitarudi lini Muheza, nami nikakujibu "tutaona, mama" mpaka ukanikatia simu kwa hasira. Basi jibu lako limo humu. Ila limepitia kwenye treni ya sebuleni, kwa hiyo nivumilie.

Uliwahi kusema nikikupigia unasikia honi nyuma yangu, ukadhani nimehamia stesheni. Ni treni ya Baba mkwe ile. Mkweo Shabani aliileta alipokuja likizo kutoka Ulaya, mara ya mwisho tuliyomwona. Unajua mzee mwenyewe alikuwa dereva wa treni, Kigoma na Tabora, Tabora na Kigoma, mpaka presha ya macho ilipomfunga. Shabani alimkuta baba yake amekaa kibarazani hana la kufanya, akamletea treni ndogo, ya kukaa mkononi. Tukaondoa makochi, akalaza mbao juu ya meza mbili, akapigilia reli, akajenga na kilima, kwa sababu mzee alisema reli isiyo na mlima ni ya wavivu. Siyo ile ya watoto inayotumia betri. Hii ni ya kidijiti. Umeme unakaa kwenye reli muda wote, na amri zinapita humohumo kwenye reli mpaka kwenye kadi ndogo iliyo ndani ya kichwa cha treni. Mzee anashika kisanduku, anapapasa vitufe: hiki cha kuondoka, hiki cha honi, hiki cha kusimama. Na kichwa chenyewe kinanguruma.

Shabani akarudi Ulaya. Yaliyofuata unayajua kwa nusu. Simu za kila wiki zikawa za mwezi, zikawa za sikukuu, kisha namba haipatikani. Mtu mmoja wa Ujiji aliyetoka huko alimwambia Asha kwamba kaka yake ni mzima, kanenepa, ana mke mwingine na mtoto. Mimi na Asha tukakubaliana mzee asijue. Na kila asubuhi baada ya chai mzee akaendesha treni yake, na mimi katika kibanda changu cha kutengeneza simu na redio, hapo ukutani mwa nyumba, nikaisikia honi nikajiambia, huyu bado anamngoja mwanawe. Hilo ndilo lililoniweka Gungu, mama. Siyo mapenzi ya Shabani, hayo yalishakauka na sitaki uniulize tena. Niliogopa kwamba siku nitakayofunga mizigo ndiyo siku mzee atakayojua, na kujua kutamuua.

Sasa sikia. Juma lililopita honi haikulia.

Niliacha simu ya mteja iko wazi mezani nikaingia ndani. Mzee amekaa kwenye kiti chake, kidole juu ya kitufe. Nikamwamkia kwa Kiha chao.

"Mwakeye, Baba. Leo hakuna safari?"

"Reli imekufa," akasema. "Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Hebu niambie, taa ya kisanduku inafanyaje?"

"Inawaka inazima, inawaka inazima."

"Hiyo ndiyo nzuri au mbaya?"

Nikamwambia siyo mbaya sana. Nilimdanganya kidogo. Taa ya namna hiyo maana yake kuna shoti mahali, na kisanduku kinajikata chenyewe kisiungue. Nikachomoa nyaya mbili zinazokwenda kwenye reli. Taa ikatulia, ikawaka bila kupepesa. Nikafurahi, maana kisanduku kingekuwa kimekufa ningekitoa wapi mimi hapa Kigoma? Ugonjwa ulikuwa upande wa reli. Nikaondoa kichwa cha treni na mabehewa yote, nikarudisha nyaya. Ikapepesa tena. Basi siyo treni, ni njia yenyewe.

Kazi ya kutafuta shoti unaijua, nimekusimulia ya redio. Unagawa, unapima, unagawa tena. Nikaachanisha reli kipande kwa kipande, kila kipande nikakipima peke yake kwa mita, na mzee nyuma yangu ananihoji kama bosi wa karakana. "Umefika wapi? Umepita kona? Daraja umeliangalia?" Nilimjibu vizuri mara za mwanzo, baadaye nikawa nagunaguna tu.

Nikaikuta kwenye njia panda ya reli, chini ya kilima, pale treni inapochagua kwenda kushoto au kulia. Kipande cha waya, chembamba kama unywele wa mzungu, kimelala katikati kimegusa reli zote mbili. Nikakitoa kwa koleo nikakitazama juani. Mama, waya ule naujua. Ni wa vile vichanja wanavyoanikia dagaa kule Katonga, ufukweni mwa ziwa. Umefikaje sebuleni kwetu? Nikapitisha kidole juu ya reli, nikakuta mchanga. Nikapitisha mlimani, huko ndiko ulikojaa.

Asha anauza dagaa Katonga. Aliporudi na beseni lake nilimsubiri mlangoni.

"Wifi, nani analeta mchanga wa ziwani humu ndani?"

Akaweka beseni chini polepole. "Ni mimi. Baba aliniagiza. Alisema laini, mkavu, nimwekee kwenye kopo la maziwa. Akasema nisikwambie, utafoka."

"Na nitafoka kweli!"

"Usimfokee mtoto wa watu," mzee akasema kutoka ndani. "Kichwa kilianza kuteleza mlimani. Nilisikia magurudumu yanazunguka bure. Injini ikiteleza mlimani, dereva anamwaga mchanga kwenye reli. Hata mwenye kuuza chai stesheni anajua hilo, mwana wanje."

Mwana wanje ndiyo mwanangu kwa Kiha, na alichosema ni kweli, mama. Vichwa vya treni za kweli vinabeba mchanga wake kwa kazi hiyohiyo. Kumbe kila asubuhi, kabla ya safari, mzee alikuwa anapapasa kilima kwa mkono wa kushoto na kunyunyiza kwa mkono wa kulia, kama anatia chumvi kwenye mboga. Alikuwa anafanya kazi yake ileile, kwa uangalifu uleule. Ningemfokea nini?

Nikasafisha reli zote kwa kitambaa na spiriti, nikaziunganisha, nikawasha. Taa ikatulia. Mita ikaonyesha umeme mpaka kule mwisho wa njia. Mama, nilipiga vigelegele peke yangu, Asha akaitikia jikoni. Nikaweka kichwa cha treni relini, mzee akabonyeza honi, honi ikalia vizuri sana. Akabonyeza cha kuondoka. Injini ikanguruma, ikapandisha sauti, inanguruma hasa. Na haikusogea hata kidogo.

Nikaifungua kwa bisibisi ya simu. Mchanga wa ziwa letu una chembe nyeusi za chuma, ukiziletea sumaku zinasimama kama ndevu. Na ndani ya mota kuna sumaku. Zilikuwa zimejaa humo zimeota ndevu kila upande, gia zimesagika meno, na waya wa ndani umeungua, nikasikia ile harufu ambayo fundi akiisikia anakiweka kitu chini. Sikukiweka chini. Nilisugua ndani kwa mswaki na petroli. Nikatoa mota ya redio kaseti ya zamani nikajaribu kuipachika, ikawa nene. Nikatoa ya kifeni kidogo, ikawa inazunguka lakini haina gia ya kushika. Nikaijaribu tena ile ya redio, utadhani imekonda. Kilichobaki kizima ni ile kadi ndogo tu. Inapokea amri, inapiga honi, inanguruma. Miguu ndiyo haina.

Hapo nikapata akili ambayo sijui kama ilikuwa akili.

Asubuhi moja nikamwambia mzee imepona. Akanyoosha mkono akatafuta kisanduku. Akapiga honi, akabonyeza cha kuondoka, injini ikaanza kunguruma, na mimi nimeinama juu ya meza, kidole nyuma ya behewa la mwisho, nasukuma. Taratibu, ili magurudumu yasikike yanapita juu ya reli. Nikazunguka meza nimeinama, miguu peku, nimevua na vikuku. Mzee ameegemeza kichwa upande mmoja anasikiliza. Tukapita kona, tukapita daraja. Tukapanda kilima, tukateremka.

"Zaina."

"Abee, Baba."

"Treni imepanda mlima na haikupunguza mwendo."

Nikaendelea kusukuma.

"Acha kuisukuma. Utaumia mgongo."

Nikakaa sakafuni nikalia, mama, kilio cha kitoto, cha kamasi. Nikawa namwomba msamaha, nasema nitaandika Ulaya, nitapata mota, Shabani atatuma. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Unafikiri nilikuwa naiendesha kwa ajili ya nani?"

Nikasema, "Kwa ajili ya Shabani, Baba. Unamngoja."

"Yule mtu wa Ujiji hakumwambia Asha peke yake. Alinikuta msikitini, akanishika mkono, akanipa hongera, mwanao kapata binti. Nikarudi nyumbani nikakusikia kibandani unaimba. Nikasema, huyu mtoto bado ana mume moyoni. Treni ya mumewe ikinyamaza, atajua." Akakiweka kisanduku mezani. "Mimi treni hii sikuipenda hata siku moja. Inalia kama nyuki kwenye kopo. Nimeendesha treni za kweli, Zaina. Lakini ilipoanza kuteleza niliogopa sana."

Nilimtazama na yeye hawezi kunitazama. Siku zote zile, mama! Mimi naimba kibandani ili asikie kwamba hakuna kilichoharibika, na yeye anapiga honi kwa sababu nimeimba. Ningecheka, lakini sikuwa na kitu cha kuchekea. Nilijisikia nimepigwa, na aliyenipiga ananipenda.

Akasema, "Shabani hatarudi. Wewe rudi kwa mama yako. Bado kijana."

Nikamwuliza yeye atabaki na nani. Akasema Asha yupo. Asha anaolewa Mwandiga mavuno yakiisha, na aliyempangia shughuli ni mzee mwenyewe. Nilipomkumbusha akasema basi, kuna majirani. Kisha akaniomba maji ya kunywa, nami nikamletea, nikaongoza mkono wake mpaka kwenye kikombe kama kila siku.

Hilo ndilo jibu lako, mama. Siji. Usiniulize mpaka lini, kwa sababu jibu la swali hilo ni siku ya mazishi ya mtu, na mtu huyo ananisikia ninavyokwaruza karatasi hapa. Zamani nilikaa huku kwa sababu ya uongo na nilikaa vizuri, naimba. Sasa sababu ni ya kweli na inanilemea. Mume sina, talaka sina, mtoto sina wa kumbeba nikisema ndiye aliyeniweka. Ninaye mzee asiyeona ambaye hata damu yangu si yake. Kila asubuhi tunakunywa chai, na chai ikiisha tunakaa kimya, kwa sababu hapo ndipo treni ilipokuwa inaondoka. Asha aliuliza kama tuondoe zile mbao turudishe makochi. Mzee akaniomba nimwongeze chai, nikammiminia.

Sikuandikii unihurumie. Ukilia, lia kidogo, halafu umwangalie kuku wako.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwenye lori, umwambie ile safari ya kuja kunichukua aivunje, nisije nikamwona mlangoni nikashindwa. Nisalimie shangazi mpishi wa shughuli, na mjomba wa shambani. Na mdogo wangu Halima, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, mwambie asiwasomee majirani. Baba mkwe anakusalimu sana. Amesema kwa mdomo wake nikuandikie kwamba anakuomba radhi kwa mwanawe. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi binti yako,
Zaina

Barua zangu za zamani, mama, nilikuwa naandika "mke wa Shabani" chini ya jina langu. Leo nilishaanza kuandika, mkono ukasimama. Sijui niweke nini hapo. Nimepaacha wazi.